Gundi, Gia Namba Moja na Jiko la Mama Mkwe

Leo aibu imenikuta nimekaa. Tena kiti cha mbele, mkanda nimefunga.

Ndugu zangu wa grupu, naandika kwa mkono mmoja, wa kulia. Wa kushoto umefungwa kitambaa. Makosa mnisamehe, shule yangu iliishia darasa la tatu na kioo cha simu hii kimepasuka. Lakini nitaandika yote na majina nitayataja. Wandera, nitakutaja. Ochwo wa duka la spea kule Tororo, nitakutaja. Wewe Ouma unajijua. Hata usipojijua, wenzako watakuonyesha.

Wengi mnajua shimo la dhahabu la Tiira liliniangukia. Walinichimbua kama muhogo. Athieno, mke wangu, alikuwa ameshaanza kilio cha mjane, na majirani wameshaleta kuni za matanga. Nilipotoka akaniambia kitu kimoja tu: shimo au mimi. Nikasema wewe. Nikakaa nyumbani mpaka bega likapona nusu. Halafu Ouma akaja na maneno yake matamu kwamba kuna mshipa mpya wa dhahabu, nikarudi shimoni. Athieno akafunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwao Kiyeyi. Tangu hapo nakula muhogo wa kuchemsha, nje umeiva, ndani mbichi.

Juzi nikampigia Owor, kaka yake. Nikamwambia shimo nimeacha, sasa mimi ni dereva. (Nilikuwa nimeacha. Karibu.)

Owor akasema, "Sawa shemeji. Wewe kuja Alhamisi. Wazee watakaa. Ukijieleza vizuri, unarudi na mtu yako."

Nilifua shati. Nilipiga viatu rangi. Kilichobaki kilikuwa njia.

Njia ya kwenda kwa wakwe zangu ni moja, na pale kwenye njia panda mama mkwe anauza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kila siku ya Mungu. Na kwetu mnajua. Mama mkwe hamtazamani usoni. Ukimwona njiani unaingia kichakani, hata kama kichaka kina siafu. Zamani Owor alikuwa anampigia simu mapema, mama anajificha nyuma ya duka, mimi napita nikitazama upande wa pili kama mtu mwenye shingo mbovu. Safari hii niliona haya kumwomba Owor. Mtu anayekuja kuomba msamaha hawezi kuanza kwa kuamuru watu wajifiche.

Ndipo nikaenda kwa Wandera.

Wandera ana Land Cruiser kuukuu hapa Busia, anabeba watu wanaopima ardhi huko maporini. Ana mashine ya kuonyesha njia, ile inayoongea na setilaiti. Akaniazima vyote viwili, maana ni ndugu yangu na nilimlindia nyumba wakati wa msiba wao. Akafungua picha iliyopigwa kutoka juu. Mapaa matupu, kama mtu ameanika sahani.

"Kwa wakwe zako ni wapi hapa?"

Nikatafuta mti, nikatafuta kisima, nikaona paa kubwa la bati. "Ni hapo."

"Una uhakika?"

"Nimelala humo!"

Wandera akabonyeza. Mashine ikachora njia ya nyuma, inapita kwenye kinamasi na mashamba ya mtama, inakwepa njia panda kabisa. Nilitaka kulia kwa furaha. Binadamu amerusha chuma angani, na kile chuma kinanisaidia mimi kumkwepa mama mkwe!

Wandera hakuniambia kitu kimoja. Kutoka mbinguni, nyumba haina mbele wala nyuma.

Basi nikaondoka asubuhi. Mashine ilikuwa imebanwa katikati ya kioo cha mbele, chini kidogo ya kile kioo cha kutazamia nyuma, na kale kampira kake ka kunyonya. Inaongea Kizungu, sauti ya mama mmoja asiye na haraka. Kizungu changu ni kushoto na kulia tu, lakini yeye naye hana mengine.

Kabla ya Tororo, kizuizi cha polisi. Afande mwanamke, mweusi tii, amesimama wima kama mlingoti. Akanizunguka. Akachungulia.

"Mzee, hiyo kitu inafanya nini hapo?"

"Inanionyesha njia, afande."

"Na wewe unaona njia wapi, kama yenyewe imefunga kioo? Mtoto akitoka huku utamwona?"

Nikatazama. Kweli, ile mashine ilikuwa inaficha kipande cha barabara kinachotosha mtoto na baiskeli yake. Nikaanza kupapasa mfuko (desturi ya barabara, msijifanye hamjui). Yeye akatikisa kichwa.

"Weka mkono nje ya mfuko. Nasema kitu moja. Mahali macho ya dereva yanapita, hapana weka kitu. Shusha chini hapo kwenye dashibodi, isizuie usukani, na ishike imara. Na usiendeshe ukiwa umeishika mkononi. Umesikia, ssebo?"

"Nimesikia."

"Nenda vizuri."

Hakuna kosa aliloniandikia. Nilishangaa mpaka nikasahau kumshukuru. Na nataka mjue kwamba mimi sheria nimeifuata. Yaliyonipata leo yamenipata nikifuata sheria.

Nikaishusha ile mashine. Kampira ka kunyonya kakakataa dashibodi, maana ya Wandera ina vishimo vishimo kama ngozi ya machungwa, na juu yake ametandika kitambaa cha manyoya mekundu. Nikaingia Tororo mjini, duka la spea la Ochwo.

Ochwo akanipa kichupa kidogo kama dawa ya macho. "Hii gundi inashika chuma na chuma. Futa vumbi kwanza, weka tone moja, bonyeza, hesabu pole pole, achia."

"Tone moja?"

"Moja."

Nikaona huyu ni bahili hata kwa gundi ya mtu mwingine. Lakini nikafanya hivyo. Nikakunja manyoya pembeni, nikaweka tone, nikabonyeza. Mashine ikakaa chini pale kushoto kwa usukani, kioo cheupe, barabara yote naiona. Nilijisikia kama dereva wa balozi.

Nikaacha lami. Mashimo yakaanza. Karibu na kile kinamasi nikaingiza gia ndogo, ile ya kupandia matope, gari likavuka likinguruma kama ng'ombe anayezaa. Ng'ambo ya pili, gari likaruka kidogo na mashine ikaanguka miguuni kwangu. (Vumbi. Sikufuta. Ochwo, hilo nakuachia.)

Nikasimama hapo hapo. Sikuzima injini. Gia ilikuwa namba moja, mguu wa kushoto nimekanyaga klachi, nilitaka kubandika haraka niende, wazee wananisubiri. Nikafuta vumbi kwa mkono wa shati. Nikaona tone moja ndilo lililoniponza. Nikamimina kichupa chote. Nikabonyeza kwa kiganja, kwa nguvu zote za mtu anayetaka mke wake.

Nikahesabu pole pole. Nikaachia.

Sikuachia.

Mkono haukutoka. Nikavuta. Ngozi ikaniambia ukiendelea nabaki huku. Nikatemea mate. Nikaomba. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya dashibodi, vidole vimetanuka, nusu kwenye mashine nusu kwenye plastiki, kama mtu anayeapa mahakamani.

Mtasema, si ungetumia wa kulia? Bega langu la kulia tangu shimo lile halivuki kifua. Usukani naushika, simu naishika, lakini kufikia gia kwa huo mkono, hapana. Maana yake nini? Maana yake nina gia moja tu. Namba moja, ya matope. Kwenda mbele naweza. Kurudi nyuma hakuna.

Nikampigia Wandera.

"Wandera, nimenasa."

"Kwenye matope?"

"Kwenye dashibodi."

"Imefanyaje dashibodi yangu?"

"Mkono umegandia, nasema! Na gundi!"

"Usivute! Utaing'oa!"

"Ngozi?"

"Dashibodi!"

Huyo ndiye ndugu yangu, mama yake na mama yangu ni baba mmoja mama mmoja. Nikakata simu.

Wazee wananisubiri. Nikaachia klachi. Gari likaanza kutambaa. Haki ya Mungu, sijawahi kuendesha gari pole pole namna hiyo. Vipepeo walikuwa wananipita. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanifikia kwa nyuma, akatembea na mimi bega kwa bega, akachungulia dirishani.

"Mzee, gari ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Naogopa kukutimulia vumbi."

"Mungu akubariki," akasema, akanipita. Akapotea mbele huko.

Nikawa najipanga. Nitafika, nitasimama mbele ya nyumba, nitamwita Owor kwa siri, atanitoa, nitashuka na heshima zangu. Mama mkwe yuko njia panda na kabalagala zake. Hakuna baya.

Mashine ikasema kulia. Nikakata kulia, nikapita katikati ya migomba, nikazunguka ghala la mtama. Hapo mbele yangu nikaona mlango wa jiko unaotoa moshi. Na mbele ya mlango, mama mkwe wangu, ameketi kwenye mkeka, anapepeta unga.

Tulitazamana. Ana kwa ana! Macho manne! Miaka yote ile ya kuruka vichakani, siafu wote wale, bure.

Yeye akafunika kichwa kwa ungo, unga wote ukammwagikia, akakimbilia jikoni. Mimi kwa heshima nikafunika uso. Kwa mkono gani? Wa kulia, ndio uliobaki. Kwa hiyo kwa heshima hiyo hiyo nikawa nimeachia usukani.

Gari likaendelea kutambaa, taratibu, bila dereva mwenye macho. Niliposikia bamu nikakanyaga vyote vilivyokuwa chini. Nikafungua vidole kidogo. Lile dude la chuma la mbele lilikuwa limebana miimo yote miwili ya mlango, sawasawa kabisa, kama limepimwa na fundi. Mlango wa jiko ulikuwa umezibwa. Ndani ni moshi, moto na mama mkwe.

Mashine ikasema kitu kwa upole. Nadhani ilisema tumefika.

Owor alikuwa wa kwanza kutokea. "Shemeji! Unafanya nini? Rudisha nyuma!"

"Siwezi."

"Basi shuka!"

"Siwezi."

"Unagoma?"

Wazee wakaja wakizunguka nyumba, kila mmoja na kiti chake, maana walikuwa wamekaa upande wa mbele wananisubiri, wametazama barabarani. Baba mkwe, Mzee Oketcho, akasimama, akatazama gari, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Nimeona wakwe wa kila namna," akasema. "Walevi nimeona. Wanaokuja na mikono mitupu nimeona. Wa kuja na gari kumfungia mke wangu jikoni, wewe ni wa kwanza. Na hata kushuka usalimie watu hutaki."

"Mzee, mkono umegandia."

"Umegandia nini?"

"Umegandia... njia, mzee. Mashine ya njia."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akauliza kama nimelewa. Mwingine akasema hapana, ni lile shimo, lilimpiga kichwani.

Kutoka jikoni sauti ikapaa, haisemi na mimi, inasema na ukuta, kama heshima inavyotaka: "Mwambieni huyo mtu kuku yake inaungua!"

Kuku yangu. Ndugu zangu, mama hakwenda njia panda leo. Meza yake ya kabalagala aliiacha, akabaki nyumbani kunichinjia kuku. Barabara ilikuwa nyeupe tangu asubuhi. Owor, wewe ulijua, na kinywa unacho.

Hapo ndipo Athieno akatoka ndani ya nyumba.

Amenenepa kidogo. Alikuwa amevaa gomesi ya kijani niliyomnunulia kwa dhahabu ya kwanza. Akaja dirishani, akatazama mkono wangu pale juu, akatazama jiko, akasikia mama yake anakohoa.

"Banange," akasema. "Sogea."

"Siwezi kusogea."

Akazunguka, akaingia upande wa pili. Nikamwambia mimi nitakanyaga klachi, wewe utaweka gia. Hajawahi kushika gia maishani mwake. Akaikamata kwa mikono miwili kama mchi.

"Sukuma huko, halafu vuta chini."

Krrrrr!

"Si huko! Huko ni kwingine!"

"Unanipigia kelele? Mama yangu yuko wapi na nani amemweka?"

"Pole, mke wangu. Vuta kwako. Sasa chini. Polepole."

"Inakataa."

"Ibembeleze."

"Kama wewe," akasema, na gia ikaingia. Gari likarudi nyuma kwa heshima, jiko likafunguka. Mama mkwe akatoka mbio, ungo kichwani, mweupe kwa unga na mweusi kwa moshi, akapotelea nyuma ya ghala. Athieno akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Na mimi nikacheka. Na wazee, hata Mzee Oketcho, wakaweka viti chini na kucheka. Nikasema moyoni, basi yameisha. Leo nakula ugali ulioiva.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ghala, inasema na ndizi: "Mwambieni huyo mtu atie maji moto na sabuni, na mafuta ya kula! Asivute!"

Athieno akaleta beseni na kitambaa. Wazee wakapanga viti kuzunguka gari, mlango wazi, ili mazungumzo yaanze huku mkono ukilowana. Owor akaniombea neno. Akasema shemeji ameacha shimo kabisa, sasa ni dereva, kama mnavyoona. (Wakaguna.) Nami nikajieleza. Nilisema vizuri, jamani. Niliapa mbele yao wote kwamba Tiira sijakanyaga tangu yeye aondoke. Athieno alikuwa anasikiliza na kusugua. Kidole gumba kikaachia. Alinisugua kwa upole, kama alivyoniosha siku ile waliponileta kutoka shimoni.

Akafika kwenye kucha. Kitambaa kikasimama.

Mimi mikono huwa naiweka mfukoni nikiwa mbele ya watu. Leo mmoja ulikuwa juu ya dashibodi, umetandazwa kama samaki sokoni, juani, na wakwe wote wamekaa kuuzunguka.

"Hii udongo ni ya wapi?" akauliza. Taratibu.

"Vumbi la njiani."

"Imeingia ndani ya kucha? Imelowana?"

"Kule kinamasini..."

"Mimi nimefua nguo zako miaka yote. Udongo ya Tiira naijua kuliko wewe." Akageuza kiganja, kile kipande kilichoachia. "Na hii ni alama ya kamba. Ni mpya."

Nikasema ni Ouma. Nikasema Ouma aliniita kuvuta kamba tu, kule juu, chini niliingia kidogo tu kwa sababu kijana wao aliumwa.

"Lini?"

Akaweka kitambaa ndani ya beseni.

"Jana," nikasema.

Mzee Oketcho akainuka. Hakunitukana. Akabeba kiti chake mwenyewe, akarudi nacho ndani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na viti vyao. Owor akabaki anatazama matairi.

Athieno hakuniacha nikiwa nimeganda. Angeniacha ningeelewa. Alisugua mpaka kidole cha mwisho, mpaka ngozi nyingine ikabaki kwenye mashine, akanifunga kitambaa hiki mnachosikia habari zake. Ndipo akasema, chini chini, Owor asisikie:

"Mimi nilikulilia tayari. Ile siku. Ukifukiwa tena sitalia, machozi ile nimeshatumia. Ukipata kazi ya juu ya ardhi, kuja. Na upite barabara. Mama atajificha mwenyewe."

Akabeba beseni, akaingia ndani.

Kuku waliniletea garini. Alikuwa ameungua upande mmoja. Nikala upande ule.

Nimerudi Busia peke yangu, kwa njia kubwa, gia zote ninazo na hakuna wa kumwendea mbio. Wandera amekuja, amevuta mashine yake, haitoki. Amenikasirikia mimi. Nimemwambia angekuwepo asikie mimi nilivyokasirikiwa.

Sasa mmesoma. Najua mnacheka, nawajua. Ouma, wewe kesho usipite kwangu, na kama umeshatoka kwenu, geuka. Wengine wote naomba mnyamaze kidogo, na mwenye kujua kazi yoyote ya juu ya ardhi, usukani, shamba, hata kuchunga mbuzi wa watu, aniandikie leo. Isipokuwa kama ni ya kubandika vitu.